Kikohozi Bandani

12 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika nikiamini u mzima, maana ungekuwa mgonjwa angetuandikia mwingine, na hakuna aliyetuandikia. Sisi huku tunasukuma siku. Mama anakusalimu. Goti la kushoto bado linamsumbua, ila mdomo haujapata hata mafua: ananiagiza nikuulize kama umeoa kwa siri au bado unaishi kwa chai na mkate. Genge lake la nyanya pale sokoni ndilo linalotulisha.

Habari yangu mimi ni ile ile. Mwaka wa pili sasa niko nyumbani tangu nimalize chuo. Cheti cha ukarani kiko kwenye bahasha juu ya kabati, na naona mende wamekisoma kuliko mwajiri yeyote. Asubuhi nafagia uwanja. Nikimaliza kufagia, nangoja uchafuke.

Sasa kuna jambo. Bwana mifugo wetu mpya ameleta mradi wa vijana wasio na kazi: mbuzi wa maziwa, majike kumi na wawili na beberu mmoja, kwa kikundi cha watu sita. Tutafundishwa, tutapewa dawa za kuanzia, maziwa tutauza wenyewe. Mama ameniandikisha bila kuniuliza. Wenzangu ni kinyozi wa njia panda, fundi baiskeli, wale mapacha wa mwalimu mkuu, na yule rafiki yangu mrefu ambaye tangu darasa la tatu tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata foleni ya maji alikuwa anaiongoza yeye.

Mjomba, sikusomea ukarani ili ninuke beberu. Wewe uko hapo kiwanda cha ngozi mwaka wa kumi na tano. Nitafutie chochote, hata kupokea simu getini. Nitalala sakafuni kwako, wala hutajua kama nipo.

Halafu hiyo simu yako ina nini? Nimepanda kilimani penye mtandao mara nne. Inaita mpaka inachoka.

Ni mimi mpwa wako.


20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Dada yangu mpe shikamoo yake, umwambie sijaoa. Nani atakubali mume anayenuka ngozi mbichi hata siku ya kupumzika? Mkate naula, chai nainywa, nguo zinanitosha bado. Goti alikande kwa maji ya moto na aache kubeba matenga kichwani kama msichana.

Simu yangu ni mkweche, spika imekufa na kioo hakionyeshi maandishi. Usihangaike kupanda kilima kwa ajili yake. Barua zinatosha.

Kazi hapa hakuna. Najua utaona ni maneno ya mtu asiyetaka mgeni, lakini hakuna. Getini yupo anayepokea simu, ana miaka ishirini pale na hana mpango wa kufa.

Chukua mbuzi. Usicheke. Mimi kila siku ngozi zinapita mikononi mwangu, na ngozi ikifika kwetu haina siri tena. Naona huyu aliliwa na kupe, huyu alipigwa fimbo, huyu alipita kwenye seng'enge, huyu alilala kwenye maji ya mkojo wake mwenyewe. Mwambie bwana mifugo banda liinuliwe juu ya nguzo, mbao za sakafu ziachane kidogo ili vinyesi vidondoke chini. Mbuzi atavumilia njaa siku mbili, unyevunyevu hauvumilii. Na msiwarundike. Pumzi ya mbuzi mmoja ikiwa mbaya, ni ya wote.

Ulisema utalala sakafuni. Sakafu yangu ni ya saruji na chumba ni kidogo. Mwache mjomba wako na chumba chake.

Mjomba wako.


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Mama amesoma barua yako mara tatu, akasema, "Ameandika ukurasa mzima na hajasema kitu." Kisha akaikunja, akaiweka kwenye ule mkoba anaotunzia kitambulisho.

Sitakuficha, nilikasirika. Wiki nzima niliwaambia watu kwamba nina mjomba mjini, nikawa nalitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu. Kisha mbuzi wakaja.

Mjomba, ungewaona! Lori liliwashusha uwanjani kwetu, kwa sababu ndicho kiwanja pekee chenye nafasi ya banda. Wana masikio ya kulala na macho ya watu waliosoma. Mmoja mweupe anatutazama kila asubuhi kana kwamba tumechelewa kazini, tunamwita Meneja. Banda tumeliinua kama ulivyosema. Bwana mifugo alipoliona akauliza, "Nani kawafundisha?" Nikasema ni mjomba wangu, na safari hii sikutema.

Tunakamua kwa zamu. Mapacha wanacheka mpaka maziwa yanamwagika. Kinyozi anawakata kwato kwa madaha, anawauliza, "Nipunguze pembeni?" Zahanati inachukua maziwa kwa ajili ya watoto waliodhoofu, na mama wa chai pale sokoni anachukua yanayobaki. Mwezi huu nimemnunulia mama dawa ya goti kwa pesa iliyotoka mkononi mwangu. Alikizungushazungusha kile kichupa, hakusema asante, akaenda kupika. Mimi nilielewa.

Jioni wenzangu wakiondoka nabaki bandani kidogo, nasikiliza wanavyotafuna. Sikujua kama mtu anaweza kukaa peke yake hivyo bila kujiona ameachwa.

Mama anauliza utakuja lini. Anasema ni miaka kumi na moja sasa. Mimi sijauliza, yeye ndiye anauliza.

Mpwa wako.


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu fupi, nisamehe. Sisi wazima, mbuzi siyo.

Jumapili Meneja alikohoa. Nikadhani ni vumbi la majani. Jana wamekohoa wanne, wamesimama miguu ya mbele wameipanua, shingo wameinyoosha, ulimi nje, ute unachuruzika. Hawali. Nimekisoma kile kijitabu tulichopewa. Nadhani ni homa ya mapafu.

Tukakutana bandani wote sita. Nikasema tumwite bwana mifugo. Mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Ukimwita huyo, ataweka karantini. Mnada unafungwa, kijiji kizima hakiuzi hata kuku. Watatuua."

"Sasa tufanyeje?"

"Jumamosi ni mnada. Tunawapeleka asubuhi na mapema, wale ambao bado wanasimama vizuri. Nani atajua?"

"Atakayewanunua atajua."

"Atajua wakiwa kwake," akasema.

Mapacha walitazama chini. Fundi baiskeli alisema yeye anafuata wengi. Kinyozi hakusema kitu. Mjomba, huyu Mwenyekiti ni mtu ambaye nilimwazima penseli darasa la tatu akairudisha ikiwa imechongwa. Sijui nifanye nini. Wewe umekulia kwenye mbuzi. Nijibu haraka, nakuomba. Tuma hata maneno mawili.


28 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi mno kupata habari za mbuzi. Nisamehe kuchelewa, barua zinanifikia kwa kuzunguka siku hizi. Huyo Meneja nimecheka naye peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Muangalie kwato wakati wa mvua, na chumvi ya kulamba isikosekane.

Mwambie mama yako kuja ni majaliwa. Kazi ni nyingi. Naona kikundi chenu kina umoja, na hilo ndilo jambo kubwa. Ukiwa na watu watano nyuma yako, huna la kuogopa.

Endelea hivyo hivyo, mwanangu.

Mjomba wako.


15 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Barua yako ya Julai nimeipata. Ulikuwa unajibu ile ya Aprili. Nilipofika pale uliposema nina watu watano nyuma yangu, niliacha kusoma, nikaimalizia siku ya pili.

Nilikungoja mpaka Ijumaa, siku moja kabla ya mnada. Halafu nikaenda mwenyewe, kwa miguu, mpaka ofisini kwa bwana mifugo. Nilimkuta anakula muhindi. Nikamwambia, akauweka chini, akanawa mikono, akasema, "Binti, unajua utakachokutana nacho?" Nikasema najua. Sikujua.

Karantini imewekwa tarafa nzima. Mnada umefungwa, wachuuzi hawaji. Bwana mifugo aliwadunga sindano waliowahi, wengine walishachelewa. Wamekufa wanane, Meneja akiwa wa pili. Tuliwafukia nyuma ya banda. Nasema tulifukia, nilifukia mimi na bwana mifugo. Kikundi hakikuja.

Siku hizi nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Mwanamke mmoja, jirani yetu wa mlango wa pili, alinyanyua ndoo yake iliyokuwa mbele yangu akaenda kuiweka mwisho wa foleni. Alikubali kuchelewa kuliko kusimama karibu nami. Ana ng'ombe mmoja aliyekuwa amuuze ili mwanawe arudi shule, na sasa hauziki. Nitamlaumu kwa lipi? Mtu mwingine ameweka matawi ya miiba kwenye njia ya kuja bandani. Nayatoa asubuhi, kesho yake nayakuta tena.

Wachuuzi wasipokuja, nyanya zinaoza. Mama alizibeba zilizooza mwenyewe mpaka shimoni, tenga kwa tenga, na lile goti. Nilitaka kumpokea, akanisukuma mkono. Aliporudi akasema, "Ulichofanya ni sawa. Sasa niache nikasirike kidogo."

Mjomba, wiki iliyopita nilipanda kilimani nikakupigia. Nilikuwa nimeazimia kukutukana, Mungu anisamehe. Simu ikapokelewa na mtu nisiyemjua. Akasema yeye ni fundi viatu, jirani yako, ameona simu inawaka taa juu ya meza na mlango wazi. Nikamuuliza nampata vipi mjomba wangu. Akanijibu, "Wewe andika tu, binti. Huyu mzee hasikii. Mwaka wa pili huu."

Spika ya simu haijafa, kumbe.

Kwa nini hukutuambia?


30 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba ya Septemba naijibu Novemba. Fundi viatu alinionyesha kwa ishara kwamba umepiga, na nilijua barua itafuata, na ilipofuata niliiacha juu ya meza siku kumi na mbili bila kuifungua. Ile ya Julai pia nimeipata sasa. Ilikuwa imekaa kwenye ofisi ya idara yangu ya zamani, kwa sababu mimi siko tena idara ile na sikupenda kuwaambieni. Ulisema nitume hata maneno mawili. Maneno mawili hayo yangekuwa "nenda kaseme." Ulienda bila mimi.

Basi sikiliza. Kiwandani kuna mapipa makubwa ya mbao, makubwa kama nyumba yenu, yanazunguka mchana kutwa na ngozi ndani na maji na dawa. Ukisimama kando yake miaka kumi na mitatu, yanakula masikio. Kwanza sikusikia ndege. Nikasema labda mjini ndege wamepungua. Kisha sikuwasikia wanawake, kisha hodi. Niliweka pamba masikioni wakati hakuna tena cha kukinga.

Mwaka juzi mkokoteni wa ngozi mbichi uliteleza ukawa unarudi nyuma. Mwenzangu wa zamu alikuwa nyuma yake, akaniita niushike. Nilikuwa hatua mbili tu, nimempa mgongo. Walisema baadaye aliniita mara tatu. Ukamponda mguu. Leo anatembea kwa kuuburuta, na bado ananisalimia kwa kuinua mkono.

Nilipoulizwa, nilisema mawazo yangu yalikuwa mbali. Sikusema sisikii. Niliendelea na kazi pale pale, kwenye mikokoteni ile ile, mwezi mzima, nikiogopa kuondolewa. Mwezi mzima, mwanangu, na watu wakipita nyuma yangu. Mpaka msimamizi alipogundua mwenyewe. Kwa hiyo sina wa kumhukumu, hata huyo Mwenyekiti wenu.

Sasa niko ghala la chumvi. Napanga ngozi, nazitia chumvi, nazigeuza. Hakuna anayehitaji kuniita. Nyumbani nauacha mlango wazi mchana, maana hodi siisikii na mtu anaweza kubisha akaondoka. Mpaka sasa aliyeingia ni fundi viatu, na siku moja kuku.

Ndiyo sababu sikukutafutia kazi. Ungekaa nami siku moja tu ungejua, na ungemwandikia mama yako, na dada yangu angekuja na goti lake kunichukua kama mtoto aliyepotea sokoni. Hilo sikulitaka. Bado silitaki. Nirudi nikae uani nikitazama midomo ya watu, nikicheka wakicheka? Niacheni huku. Chumvi haiongei, tunaelewana.

Nimesikitika kwa ajili ya Meneja. Nimekupa pole nyingi hapa chumbani, kwa sauti, ingawa mimi mwenyewe sikuzisikia.

Mjomba wako.


22 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Nimemsomea mama barua yako yote, hata pale uliposema hutaki aje kukuchukua. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwandikie hivi: baba yetu alikuwa na masikio mawili mazima, na hakuwahi kutusikia hata siku moja. Kwa hiyo asinitishe na masikio." Akaenda nje. Alipokaa sana nikamfuata, nikamkuta amesimama tu kwenye uzio, hana anachofanya. Sijawahi kumwona mama hana anachofanya.

Karantini iliondolewa wiki ya kwanza ya Desemba. Mbuzi wote wa tarafa wamechanjwa. Kwetu wamebaki watano, majike wanne na beberu. Yule shetani hakukohoa hata mara moja. Habari za ng'ambo ya mto utakuwa hujazisikia. Kule mtu aliuza wagonjwa kimyakimya, na mpaka kufikia Oktoba kuna mazizi matatu hayana hata mbuzi wa kufungulia mlango. Watu wa hapa wanajua. Hakuna aliyekuja kuniambia kitu. Nilikuwa nangoja, sikufichi. Nilijiandalia na jibu, zuri kabisa. Hakuna aliyelihitaji.

Mapacha wamekwenda kwa shangazi yao kujifunza ushonaji. Fundi baiskeli amerudi kwenye baiskeli. Mwenyekiti alipanda lori la mbao kabla ya mwaka mpya, kwenda kutafuta maisha. Hakuniaga. Nilimwona kwa mbali akiwa juu ya mbao, naye aliniona, nikainua mkono. Alijifanya anarekebisha mzigo wake. Usinifariji kwa hili, Mjomba. Nimelisema ili lisemwe.

Kinyozi alirudi. Alikuja asubuhi na ile mikasi yake ya kwato, akasimama mlangoni mwa banda, akasema, "Siku ile nilinyamaza." Nikasema ndiyo, ulinyamaza. Akasema, "Sasa nianze na yupi?" Basi, tuko wawili.

Juzi yule jirani wa mlango wa pili alikuja na jagi. Aliingia uwanjani kama mtu aliyepotea njia.

"Maziwa yapo?"

"Yapo kidogo."

"Nipimie nusu lita."

Nikampimia. Akatazama bandani. "Walibaki wangapi?"

"Watano."

"Ng'ombe wangu nimemuuza Jumamosi," akasema. "Mtoto amerudi shule." Akachukua jagi lake akaondoka. Jana akaja tena.

Zahanati imeanza tena kuchukua maziwa. Bwana mifugo analeta kikundi kingine cha vijana wanane, wajifunzie kwetu, na kwa siku za mafunzo tutalipwa mimi na kinyozi. Nitasimama mbele yao nieleze mbuzi mgonjwa anavyosimama. Naogopa. Nimezoea kuongea na beberu.

Kuhusu wewe. Sikuiti uje ukae uani utazame midomo. Sikuiti hata kidogo, wewe mtu mzima. Nasema tu kwamba majani ya kukata ni mengi, watu wawili hatutoshi, na kazi hiyo haina anayemwita mwenzake.

Mpwa wako.


18 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Dada yangu mwambie maneno yake nimeyapata, na kwamba baba alimsikia siku moja, ile siku alipovunja mtungi.

Nimeomba likizo ya siku kumi. Msimamizi aliandika kwenye karatasi: "Miaka kumi na moja hujaomba hata moja, umefiwa?" Nikaandika chini yake: "Bado." Akasaini. Nauli ninayo, begi nimeazima kwa fundi viatu. Siku kumi, kisha tutaona. Zaidi ya hapo usiniulize, mwanangu, sijijui mwenyewe.

Nitashuka stendi Alhamisi ya tarehe nane Machi, basi la mchana. Usiniite, nitapita tu, na watu watadhani naringa. Usinishike kwa nyuma, huwa nashtuka vibaya siku hizi. Sura yako ninayoijua ni ya mtoto wa miaka kumi na mitatu, kwa hiyo nikikutazama nikapitiliza, usikasirike. Njoo tu mbele yangu. Simama hapo mpaka nijue ni wewe.

Mjomba wako.